Faili Dogo Lililokataa Kufa

Waandishi wengi ninaowapenda hawaandiki kila siku. Mtu anaweka insha leo, kisha kimya miezi miwili. Sasa utajuaje kama ameandika tena? Unaweza kubisha hodi kwenye tovuti yake kila asubuhi na kuambulia patupu. Unaweza kuutegemea mtandao wa kijamii ukuletee, ukipenda. Au unaweza kutumia njia ya zamani kidogo, mlisho, ambao wengi wanaujua kwa herufi tatu: RSS.

Mlisho wenyewe hauna maajabu. Ni faili dogo la maandishi ambalo tovuti huliweka mahali pamoja pasipobadilika. Ndani yake mna orodha ya makala mpya: kichwa, tarehe, kiungo, pengine na muhtasari. Msomaji huipa programu yake anwani ya faili hilo, nayo hupita kila baada ya muda kuangalia kama kuna jipya. Ukifuatilia tovuti hamsini, zote unazisoma mahali pamoja, kwa mfuatano wa tarehe. Huulizwi jina wala barua pepe. Siku ukichoka unafuta anwani, basi, yameisha.

Historia yake ilianzia Marekani, Machi 1999, kwenye kampuni ya Netscape. Ramanathan Guha na Dan Libby waliitengeneza RSS ili mtu aweze kukusanya habari za tovuti mbalimbali kwenye ukurasa wake mmoja. Haukupita muda kampuni ikautelekeza mradi, na mtoto huyo yatima akapata walezi wasioelewana. Desemba 2000 kila upande ulitoa toleo lake. Kundi moja lilitoa RSS 1.0, na miongoni mwao alikuwemo Aaron Swartz, kijana wa miaka 14. Upande wa pili alikuwepo Dave Winer, aliyetaka mambo yabaki mepesi. Yeye alitoa 0.92, yenye nafasi ya kuambatisha faili la sauti, na mwaka 2002 akaja na 2.0. Hata maana ya zile herufi tatu ilitegemea unamuuliza nani. Waliochoshwa na ugomvi wakaanzisha mlisho mwingine, Atom, uliochapishwa kama kiwango cha intaneti mwaka 2005.

Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini safari hii hazikuumia sana. Programu za wasomaji zilijifunza kusoma matoleo yote, na watu wakaendelea kusoma bila kujua kuna vita.

Pigo lilitoka kwingine. Oktoba 2005 Google ilizindua Google Reader, tena ya bure, na watu wakahamia huko kwa wingi. Machi 2013 ikatangaza kwamba watumiaji wamepungua, na Julai 1 ikaifunga. Wengi wakadhani RSS yenyewe imezikwa. Kumbe lilikuwa limefungwa dirisha moja tu. Msomaji alichukua orodha yake ya anwani, akaipeleka kwenye programu nyingine kama Feedly au NewsBlur, na kusoma kukaendelea. Na ile nafasi ya sauti aliyoiweka Winer ndiyo iliyokuja kubeba podikasti, hata leo.

Mimi ni mwandishi wa habari, najua jinsi kichwa cha habari kinavyopikwa ili kibofywe. Uhakiki wa kurasa tano kuhusu riwaya ya Kiswahili hauwezi kushindana na video ya nusu dakika pale ambapo mashine ndiyo inayopanga nani aonekane. Kwenye mlisho hakuna wa kupanga. Aliyeandika jana anakaa juu ya aliyeandika juzi, awe na wasomaji kumi au laki moja. Kwa fasihi yetu, hiyo si haki ndogo.

Hebu jaribu. Tafuta programu ya kusomea milisho, kisha uiwekee anwani ya tovuti unayoipenda. Mara nyingi itaupata mlisho yenyewe. Ikishindwa, na tovuti inatumia WordPress, ongeza /feed mwishoni mwa anwani. Anza na yule mwandishi aliyenyamaza tangu mwaka jana. Usimfute. Akirudi, hata kama ni usiku wa manane, utamkuta juu kabisa ya orodha.