Gobore la Mzee wa Kibaoni

Wandugu, leo twendeni Kibaoni, mkoani Katavi. Wengi wetu wa mjini tunakijua kijiji hiki kwa jambo moja tu: ndiko alikozaliwa Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa mwaka 2008 hadi 2015. Mimi nimerudi na jambo la pili.

Mzee mmoja wa huko (jina lake naliacha, mtaelewa kwa nini) aliniuliza hivi: "Mwanangu, wewe umesoma. Baba yangu alilinda shamba kwa gobore, nguruwe na viboko wakamheshimu. Nikilishika mimi leo nafungwa. Nani alibadilisha?"

Nilikosa jibu. Niliporudi nikaanza kuchimba.

Karne ya 19 bunduki zilipanda kutoka pwani mabegani mwa wapagazi, na pembe za ndovu zikashuka. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa bunduki hizo na vijana wake wa rugaruga. Hakuna aliyeomba kibali kwa mtu.

Kisha ukaja mkataba wa Brussels wa Julai 1890. Shuleni tunafundishwa kwamba ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Kweli, lakini ulikuwa na vifungu vya silaha pia. Katika Afrika yote iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki za kisasa zilizuiwa kuingia. Zile za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa, kwa masharti. Silaha zilizoingizwa ziliwekwa kwenye ghala chini ya usimamizi wa serikali, na hazikutoka bila idhini. Bunduki ya kisasa aliruhusiwa nani? Mtu aliyetoa dhamana ya kutosha kwamba hatampa mwingine, au msafiri mwenye hati ya serikali yake.

Sasa jiulize: mwaka 1890, Mpimbwe wa bonde la Rukwa angeitoa wapi hati ya serikali yake?

Hapo ndipo lilipo jibu la mzee wangu. Wazo kwamba bunduki ina jina la mtu, na kwamba kuibeba kunahitaji karatasi, halikuzaliwa Dodoma. Lilikuja na wakoloni, nasi tukalirithi. Mwaka 1991 Bunge lilitunga sheria yetu ya silaha na risasi, na mwaka 2015 ikaja nyingine mahali pake. Gobore lililofuliwa na mhunzi wa kijijini linahitaji leseni kama bastola ya tajiri wa Masaki.

Je, sheria hiyo ni mbaya? Hapana, msininukuu vibaya. Katavi si mbali na Burundi na Kongo, na vita vya miaka ya 1990 vilisambaza bunduki katika ukanda wote huu. Ndiyo maana Aprili 2004 nchi zetu zilisaini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo. Na tembo nao wana haki ya kuishi.

Tatizo ni umbali kati ya sheria na mtu. Barabara ya kutoka Kibaoni kwenda Mpanda kupitia Sitalike inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Kuingia hifadhini na silaha bila kibali ni kosa. Kwa hiyo mwanakijiji anayeamua kupeleka gobore mjini kwa njia hiyo ili atii sheria moja, anaweza kuvunja nyingine akiwa njiani!

Na tumeona nguvu bila uangalifu inavyozaa. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Yakaja malalamiko ya wananchi kuteswa na kuuawa, kamati ya Bunge ikachunguza, na Desemba 20 mwaka huohuo mawaziri wanne wakaondoka. Aliyelitangazia Bunge uamuzi wa Rais Kikwete ni Pinda, mtoto wa Kibaoni.

Kabla ya kuagana nilimuuliza mzee lile gobore liko wapi. Akatazama barabarani kwa muda, kisha akasema, "Lilipotea zamani, mwanangu."

Sikuuliza tena. Mtu anayeiamini sheria angenijibu hivyo?