Neno “Gia” katika Istilahi za Baiskeli

Kila chombo kigeni kiingiapo katika jamii huja na mzigo wa maneno. Baadhi ya maneno hayo hutoholewa, na mengine hupata badala yake katika hazina ya lugha yenyewe. Katika makala haya tunakusudia kulitazama neno moja tu, gia, na kuonyesha kwa nini lingali likiwasumbua watumiaji wake hata baada ya kuwa neno letu.

Baiskeli zilizojulikana sana Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza zilikuwa za Raleigh, zilizoundwa Nottingham. Baadaye zikaenea pia Phoenix za China. Zilikuwa nzito, za chuma, na nyingi zilikuwa na mwendo mmoja tu. Fundi alitaja alichokishika. Kutoka Kiingereza alipata breki, pedeli, fremu na tairi. Kutoka hazina ya Kiswahili alipata mnyororo, usukani, gurudumu na meno. Majina ya gia hakuyahitaji, maana hapakuwa na gia ya kubadili. Si kwamba ulimwengu haukuwa nazo: kitovu cha gia tatu cha Sturmey-Archer kilizaliwa huko huko Nottingham mwaka 1902, na mwaka 1937 mashindano ya Tour de France yaliruhusu chombo cha kuhamisha mnyororo kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine. Lakini kwa watu wetu wengi neno gia lilizoeleka kwa njia ya motokaa, si baiskeli.

Tuchukue mfano wa Kagongwa, katika Kahama, mkoani Shinyanga, mji ujulikanao kwa mashine za kukoboa mpunga. Nchi ni tambarare kwa sehemu kubwa, na baiskeli ya mwendo mmoja iliwafaa wakulima kupeleka magunia mashineni. Katika mkoa huo baiskeli ya kuchukua abiria iliitwa daladala, jina lililotoka kwenye mabasi ya Dar es Salaam. Kinyume chake, jina bodaboda lilianza na baiskeli za mpakani Busia, kisha likahamia kwenye pikipiki. Hapa twaona kuwa watumiaji wa lugha hutaja kazi ya chombo kabla ya umbo lake.

Tatizo limekuja na baiskeli za mbio. Kijana anunuaye baiskeli yake ya kwanza ya aina hiyo huambiwa achague “gia kubwa” au “gia ndogo”. Kubwa kwa kipimo gani? Gurudumu la meno la mbele likiwa kubwa, mguu huona uzito na baiskeli huenda mbali. La nyuma likiwa kubwa, mguu huona wepesi. Neno moja, maana mbili zinazopingana. “Gia nzito” nayo haisaidii: mmoja ataelewa ni nzito mguuni, mwingine ni ya kuvutia mzigo mzito. Mnunuzi na muuzaji waweza kukubaliana kwa maneno, kumbe wametofautiana kwa maana, na hasara ni ya yule atakayeshindwa na kilima cha kwanza.

Hesabu hutuondolea utata. Baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, na gurudumu la mzingo wa meta 2.2, husogea kiasi cha meta 5.4 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Baiskeli ya mbio yenye gurudumu la mzingo wa meta 2.1 husogea meta 9.5 mnyororo ukiwa kwenye meno 50 mbele na 11 nyuma, na meta 2.2 tu ukiwa kwenye 34 mbele na 32 nyuma. Anayeanza hana haja ya kushindania ile meta 9.5, ambayo ataitumia kwa nadra. Yafaa aulize kwanza ile ndogo kabisa ni meta ngapi, kwa kuwa ndiyo itakayomfikisha juu ya mlima au kumvusha penye upepo mkali.

Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya istilahi haijawa kutafuta maneno tu, bali kuyapambanua. Kwa hiyo twapendekeza neno gia libaki, maana limekwisha kukubalika, lakini sifa zake zifuate kazi: gia ya kupandia na gia ya kasi. Na penye haja ya usahihi, kipimo kitajwe kwa meta za mzunguko mmoja. Huo ndio mwendo uliotupa daladala na bodaboda, nasi hatuna sababu ya kuuacha.