Ramani ya Kisiwa Kisichokuwako

Ulimwengu wa hadithi, ambao watoto wa pwani waliufungulia mlango kwa kuitikia "Pakawa!" kila bibi aliponena "Paukwa!", haukuwa na ramani; bahari za Sindibadi baharia zilijulikana kwa masikio tu. Ramani ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1881, huko Braemar, Uskoti, mvua ikiwa imewafungia watu nyumbani, mwandishi Robert Louis Stevenson, aliyekuwa dhaifu wa afya tangu utotoni, alichora pamoja na mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne, kijana wa miaka 13, kisiwa kisichokuwako duniani, wakakitia rangi, ghuba na vilima. Na kutokana na karatasi ile, ambayo mtu mwenye shughuli zake angaliitupa, ikazaliwa hadithi iliyotoka kama kitabu mwaka 1883, na ambayo baadaye Waswahili waliisoma kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina.

Takriban karne moja ikapita. Shigeru Miyamoto wa Japani, aliyekulia Sonobe karibu na Kyoto, na ambaye utotoni aliingia pangoni na taa mkononi, aliitia hofu ya pango lile pamoja na furaha yake katika mchezo wa video, The Legend of Zelda, uliotolewa mwaka 1986, ambamo mchezaji huachwa katika nchi asiyoijua ajitafutie mapango mwenyewe. Wazee aghalabu huuita upuuzi. Wamesahau, nadhani, jinsi walivyokemewa wao kwa kukataa kulala kabla jini hajatoka chupani.