ISTILAHI "DAWA ZA KULEVYA" NA MAUMIVU YA MGONJWA

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi dawa za kulevya, ambayo sheria zetu huitumia kwa heroini iuzwayo vichochoroni, na pia kwa morfini anayoandikiwa mgonjwa wa saratani. Wafasiri na watumishi wa serikali huiandika kila siku; yafaa tuijue historia yake.

Tuanzie Vuga, katika milima ya Usambara. Mmisionari Krapf alipofika huko mwaka 1848, Vuga ilikuwa makao ya Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Wakilindi. Washambaa waliamini kwamba mfalme alikuwa na uganga wa mvua, na kwamba kwa uganga huo huo aliweza kuileta mvua au kuizuia. Kwa sababu hiyo Kishambaa kilitofautisha vitendo: kuzifya shi ni kuiponya nchi, na kubana shi ni kuidhuru. Uganga wenyewe haukupewa jina la ubaya. Aliyehukumiwa ni mwenye kuutumia.

Kiswahili nacho kilikuwa na majina ya namna hiyo. Afyuni, neno lililotoka katika Kiarabu, na kasumba, yalitaja kitu chenyewe pasipo kukilaumu. Lakini kasumba limehama: leo watu wakilisikia hufikiria mawazo potofu yaliyomganda mtu, hasa kasumba ya kikoloni, na ni vigumu kulirudisha hospitalini. Mihadarati nalo lina asili ya Kiarabu, na shina lake lina maana ya kutia ganzi. Kadhalika neno la Kigiriki ambalo lugha za Ulaya zililitumia kuunda istilahi yao lilihusu ganzi. Sisi tulipounda istilahi yetu kutokana na kitenzi kulewa, ganzi ilisahauliwa ukabaki ulevi.

Sasa tuitazame sheria. Mkataba wa Afyuni uliotiwa saini The Hague mwaka 1912 ulienea duniani kupitia Mkataba wa Versailles wa 1919. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ulizitaka nchi ziwekee dawa hizi mipaka ya matumizi ya tiba na sayansi tu, na mgonjwa asipewe ila kwa cheti cha daktari. Hata hivyo utangulizi wa mkataba huo huo unakiri kwamba dawa hizo ni za lazima katika kupunguza maumivu, na kwamba hazina budi kupatikana kwa wanaozihitaji. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1995, kisha nyingine mwaka 2015, na zote mbili zinazungumzia dawa za kulevya. Hivyo sehemu ya katazo ilipata jina linalosikika na kila mtu, na sehemu ya ruhusa ikabaki ndani ya vifungu.

Hatusemi kwamba mipaka iondolewe. Morfini huweza kumfanya mtu awe mtegemezi, na ikizidi kipimo huzuia pumzi. Tunachosema ni kwamba jina linatangaza kosa kabla ya tendo. Mzazi akiambiwa kuwa mwanawe mgonjwa anapewa dawa ya kulevya, aweza kuikataa. Na mtumishi wa afya aweza kuiogopa kuliko sheria inavyomtaka. Jirani zetu wa Uganda mwaka 2004 waliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini, bila kuufuta udhibiti. Hapa kwetu tumekwisha kupata istilahi nzuri, tiba shufaa, kwa utunzaji wa wagonjwa wa namna hiyo. Lakini dawa yake kuu bado yaitwa kwa jina la uhalifu.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kwa kundi zima la dawa, itumike opioidi, au dawa za jamii ya afyuni. Katika vyeti, fomu na maelezo ya wagonjwa, itumike dawa zinazodhibitiwa, au jina la dawa yenyewe. Dawa za kulevya ibaki kwa biashara na matumizi haramu. Majina ya sheria yanukuliwe kama yalivyo, kwa kuwa mfasiri hana mamlaka ya kuyabadili.

Mgonjwa wa saratani aliyelala Vuga leo anastahili dawa yake itajwe kwa kazi inayomfanyia, yaani kutuliza maumivu.