Mia Moja ni Nani?

Mtumishi wa wizara hapa Mtumba akikopa benki, mkopo wake hukatiwa bima, na mara nyingi hakuna anayempima presha. Watumishi ni wengi, wanakatiwa kwa kundi, wazima wanawabebea wagonjwa. Akitaka bima ya maisha yake binafsi, ya kiasi kikubwa, ndipo fomu inapoanza kudadisi: mzazi wako alifariki akiwa na umri gani, kwa ugonjwa gani? Katika familia nyingi ninazozijua jibu ni "aliugua kidogo tu". Mtathmini wa bima hana pa kuliandika.

Swali hilo ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Dkt. Oscar Rogers na Arthur Hunter, bingwa wa hesabu za bima, wote wa kampuni ya New York Life, walianza kuupa mwili alama. Mtu wa kawaida ni 100. Uzito ukizidi, alama zinaongezwa. Wazazi wakiwa waliishi sana, zinapunguzwa. Mwenye 200 yumo katika kundi linalotarajiwa kufa mara mbili ya kawaida, hivyo hulipa zaidi. Mwaka 1919 waliuchapisha mfumo wao, na mantiki yake inatumika hadi leo. Nawapa haki yao: wengi waliokuwa wakikataliwa mlangoni walipata bima, japo ghali.

Lakini huyo 100 ni nani? Jirani zetu Kenya walitumia kwa miaka mingi jedwali la A1949/52, lililotokana na vifo vya wateja wa bima wa Uingereza. Jedwali la Wakenya wenyewe lilitoka 2007. Hadi hapo, Mkisumu alipimwa kwa makaburi ya Waingereza.

Kisha UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kwa mwenye virusi hapakuwa na alama za kuongeza. Jibu lilikuwa hapana. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, 2004, hesabu ile ilianza kuchakaa. Sheria ya Kenya ya 2006 ikazitaka kampuni ziweke kiwango cha bima ambacho mteja hatalazimika kutaja hali yake. Akitaka zaidi ya hapo, anaweza kupimwa. Akikutwa na virusi, anaweza kuongezewa ada kwa kiasi cha haki.