Vigae na Nailoni katika Sakafu ya Bahari ya Kilwa

Mji unaoishi kwa bahari huiachia bahari mabaki yake. Kilwa Kisiwani ilifanya hivyo kwa karne nyingi: vyungu, sahani za China na Uajemi, mawe ya majengo, kamba za usumba. Kwa vigae vya namna hiyo Neville Chittick, aliyechimbua magofu miaka ya 1960, aliisoma historia ya mji. Edward Pollard naye, mwaka 2008, alieleza njia na majukwaa ya matumbawe yaliyojengwa penye maji kupwa na kujaa kati ya karne ya 13 na ya 16.

Yote hayo yalikuwa udongo, jiwe na mti. Kigae kikizama, chaza hupata pa kung'ang'ania. Usumba huoza, ukawa chakula cha viumbe wadogo.

Mgeuko ulikuja na nailoni, katika nusu ya pili ya karne ya 20. Wavu wa pamba ulitaka kuanikwa na kushonwa daima. Nani atamlaumu mvuvi kwa kuuacha? Ila wavu wa nailoni ukikwama mwambani na kukatika, hauachi kuvua. Kaa hunasa, hufa, na mzoga wake humwita mwingine; matumbawe nayo hukwaruzwa na kufunikwa.

Mfuko wa plastiki huua kimyakimya. Ukitanda juu ya tope huzuia hewa, na wanyama waliojichimbia humo hupungua. Jaribio la Ireland lililotangazwa mwaka 2015 lilionyesha hayo kwa wiki 9 tu, hata kwa mifuko isemwayo kuwa huoza. Katika miamba 159 ya Asia na Pasifiki, uchunguzi wa mwaka 2018 ulikuta uwezekano wa tumbawe kuugua ukipanda kutoka asilimia 4 hadi 89 likiguswa na plastiki. Wanawake wa Kilwa na Lindi, washukao mwambani wakati wa bamvua kutafuta pweza, wanaitegemea sakafu hiyo hiyo.

Tanzania Bara iliipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Nyavu hazikuguswa na katazo hilo, nazo hushuka mbali zaidi. Septemba 2003 wavuvi walimpandisha silikanti karibu na Songo Mnara, samaki ambaye wataalamu walimdhani ametoweka tangu zama za kale, hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Silikanti wengi wa Tanzania wamenaswa na majarife ya papa, yanayotegwa kwenye kina kirefu. Mchana hujificha mapangoni, katika miteremko ya mawe. Jarife likipotea, huko ndiko liendako.