Bei ya Rafuni na Bei ya Kaunta

Hivi karibuni nilikuwa mjini Mbeya, nikaingia katika duka moja la kujihudumia kununua dumu la mafuta ya alizeti. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mzee mmoja, naye ameshika dumu kama langu. Rafuni paliandikwa shilingi 32,000. Binti wa kaunta alipobonyeza mashine yake ikatoka 36,500.

"Mwanangu," alisema mzee, "mimi nimesoma pale 32,000, na fedha niliyokuja nayo ndiyo hiyo."

"Samahani, baba," binti akajibu. "Ile karatasi ni ya zamani, tulisahau kuibandua. Bei ni hii ya kwenye mashine."

Watu wakaanza kuguna. Mwenye duka akaitwa, akaenda kuitazama karatasi, akamwuzia mzee kwa 32,000, na mimi vilevile. Nikamsifu moyoni. Lakini nilipokuwa natoka nikamsikia akimwambia yule binti kwamba zile 9,000 atazikata kwenye mshahara wake mwisho wa mwezi. Tangu siku hiyo najiuliza: bei ikikosewa, nani anapaswa kulipa? Swali hili lina historia ndefu kuliko lile duka, na leo naomba tuipitie pamoja.

Zamani za wazee wetu ugomvi wa namna hii ulikuwa nadra, kwa sababu bei yenyewe haikuandikwa. Mwenye duka alitaja yake, mteja akataja yake, wakakutana katikati. Aliyepunjwa alijilaumu kwa kutojua kupatana. Ugomvi ulikuwa wa vipimo: ratili imepungua, kitambaa kimepimwa kwa mkono mfupi.

Bei iliyoandikwa ilikuja kuwa jambo kubwa kwetu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa, ikaunda Shirika la Biashara la Taifa, na baadaye kazi hiyo ikagawiwa kampuni za biashara za mikoa, zile tulizozizoea kwa jina la RTC. Mwaka 1973 ikapitishwa sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ikaanzishwa. Kuanzia hapo bei ya sukari, sabuni au jembe haikuwa tena jambo la mwenye duka na mteja wake. Ilikuwa amri ya Serikali. Mteja aliyetozwa zaidi hakuhitaji kubishana, kwani aliyezidisha bei alikuwa mkosaji mbele ya sheria.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuliionja faida ya bei moja kwa namna nyingine. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliamua kwamba mahindi yanunuliwe kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Mbeya au Iringa, aliye mbali na Dar es Salaam, akalipwa sawa na aliye karibu, na gharama ya usafiri ikabebwa na Shirika la Taifa la Usagishaji, yaani NMC. Baada ya reli ya TAZARA kufunguliwa mwaka 1976, mikoa yetu iliingia katika kundi la mikoa mikubwa inayolisha taifa. Lakini gharama haipotei kwa sababu haikuandikwa kwenye bei. Shirika liliibeba, likalemewa na madeni, na hatimaye mpango wenyewe ukaachwa.

Madukani nako mambo yalikwenda kombo. Mwaka huohuo wa 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na ya ushirika yachukue nafasi. Haikudumu, kwani maduka yalifungwa kabla ya mengine kuwa tayari. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni. Mimi nilikuwa mtoto Iringa, na nakumbuka bei halali ikiwa ubaoni na rafu zikiwa tupu. Sabuni ilipatikana nyuma ya duka kwa bei ya kunong'onezwa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Watu wengi walikamatwa na bidhaa zikafichuliwa, lakini uhaba haukwisha. Mwaka uliofuata mlango wa kuagiza bidhaa ukaanza kufunguliwa, na udhibiti wa bei ukalegezwa hatua kwa hatua. Tukarudi kupatana, na leo mashine inatusomea bei.

Mashine hizo za kusoma mistari myeusi zilianza kazi tarehe 26 Juni 1974 katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Bidhaa ya kwanza ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna. Tangu hapo bei imekuwa na makao mawili: karatasi ya rafuni na kumbukumbu ya mashine. Mwenye duka akibadili moja na kusahau nyingine, ugomvi umezaliwa.

Sheria inasemaje? Wengi tunaamini kwamba bei ikishaandikwa, mwenye duka amefungwa. Sivyo kabisa. Mahakama za Uingereza ziliamua mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kesi ya duka la dawa la Boots, kwamba bidhaa iliyopangwa rafuni ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ombi la kununua anapoifikisha kaunta, na muuzaji anaweza kukubali au kukataa. Sheria yetu ya Mikataba, iliyoanza kutumika mwaka 1961, imetoka katika ukoo huohuo wa sheria kwa njia ya India.

Lakini mwenye duka asishangilie mapema. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpa mlaji maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei. Kusahau karatasi moja ni bahati mbaya. Kuiacha mwezi mzima ili ivute wateja ni hila, na mlaji ana haki ya kulalamika kwenye Tume ya Ushindani.

Na yule binti? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara hivihivi. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Binti aliyeajiriwa kupokea fedha kaunta, na siye aliyepewa kazi ya kubadili karatasi za rafuni, amekosa nini?

Ndugu msikilizaji, historia hii inanifundisha jambo moja. Bei inapokuwa ya uongo, mara nyingi gharama humwangukia aliye mnyonge. Ilikuwa hivyo kwa mteja wa sabuni ya nyuma ya duka. Ndivyo ilivyo kwa mkulima wetu wa viazi anayedaiwa lumbesa: bei ya gunia haibadiliki, lakini gunia linafungwa kilemba hadi lipite kilo 100 zinazoruhusiwa. Na ndivyo ilivyo kwa binti wa kaunta.

Mwenye duka yule alifanya vyema kumwuzia mzee kwa bei aliyoisoma. Alikosea kuigeuza hisani yake kuwa deni la mtu mwingine. Shilingi 9,000 ni gharama ya duka kusahau, na duka ndilo liibebe. Nami nilikosea, kwa maana nilisikia nikatoka kimya na dumu langu, nikifurahia punguzo ambalo mwingine alikuwa analilipa. Nikipita tena Mbeya nitaingia pale, nimwamkie mwenye duka kwa heshima zote, nimwombe dakika tano tuongee juu ya mshahara wa yule binti. Na sehemu yangu ya 4,500 nitakwenda nayo mfukoni.